Uvimbe wa mfuko wa uzazi: picha yaonyesha nini, na yaficha nini?

Msomaji, huenda mama yako aliyeko Kikima, katika milima ya Mbooni, amekupigia simu akisema kwamba amepigwa picha ya tumbo na kuambiwa ana faibroidi. Mara nyingi hakuna la kutisha. Faibroidi ni uvimbe usio wa saratani unaoota katika misuli ya mfuko wa uzazi, na wanawake wengi wa asili ya Afrika huupata kabla ya kutimiza miaka 50. Hata hivyo, iko saratani adimu iitwayo sarkoma, ambayo huota katika misuli hiyo hiyo na hufanana mno na faibroidi.

Kwa kawaida uchunguzi huanza na ultrasaundi. Mtambo huu hutuma mwilini mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, kisha hugeuza mwangwi wake kuwa picha. Dkt. Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uingereza, walieleza matumizi yake katika uvimbe wa tumbo mwaka wa 1958. Hauna miali ya eksirei, na gharama yake ni nafuu. Huonyesha mahali uvimbe ulipo na ukubwa wake, lakini faibroidi iliyoanza kuoza ndani yaweza kudhaniwa sarkoma, na sarkoma ikadhaniwa faibroidi.

MRI, inayotumia sumaku yenye nguvu, huonyesha vizuri zaidi kingo za uvimbe na damu iliyovuja ndani yake. Humsaidia daktari kushuku, ingawa nayo hukosea. CT hutumiwa hasa kutazama kama saratani imeenea hadi mapafuni. Jibu la hakika hutoka maabara, kipande cha uvimbe kikichunguzwa kwa hadubini.

Kwa hiyo muulize mama: je, hedhi imekoma? Je, anatokwa na damu tena? Je, uvimbe unazidi kukua? Kwa kawaida faibroidi hunywea hedhi inapokoma. Ikiwa wake unakua, au anatokwa na damu, usingoje. Mpeleke kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Akisafiri kutoka Kikima, abebe picha na ripoti zote za awali ili zilinganishwe na mpya.

Akishauriwa kupasuliwa, uliza kama uvimbe utatolewa mzima. Mwaka wa 2014, idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilionya kuhusu mashine za kukatakata uvimbe ndani ya tumbo, kwa kuwa sarkoma iliyojificha yaweza kutapakaa. Idara hiyo ilikadiria kwamba katika kila wanawake 350 hivi wanaopasuliwa kwa ajili ya faibroidi, mmoja ana sarkoma.

Baada ya upasuaji, hakikisha uvimbe umepelekwa maabara, kisha rudi uchukue matokeo na umwombe daktari akueleze yaliyoandikwa.