Penseli za Rangi na Uzito wa Aliyeketi

Mbele ya mchoro wa mwanamke aliyeketi, macho hukimbilia usoni, na swali huwa moja: amefanana? Mimi huanzia chini, pale mwili unapokutana na kiti. Aliyeketi kweli ana uzito. Paja hutanuka likikandamiza kiti, gauni hukaza magotini na kujikunja kiunoni, na bega la mkono ulioegemea hupanda kidogo. Mchoraji asipoyaona hayo, mtu wake huelea, hata kama sura ni yenyewe kabisa.

Nikitaka mfano, humrudia Mwingereza David Hockney, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alimchora mara nyingi rafiki yake Celia Birtwell, mbunifu wa nakshi za vitambaa. Alitumia penseli za rangi, na mara nyingi aliiacha tupu sehemu kubwa ya ukurasa. Utupu huo si uvivu. Kwa zana hii, weupe ni karatasi yenyewe. Ukishaifunika, huipati tena. Penseli ya rangi ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa nta au mafuta, na kifutio huipunguza tu. Kila mstari unaouona, mchoraji alikubali kuishi nao.

Sogea karibu sasa, utazame kivuli chini ya kidevu. Kikiwa kizuri, hakitakuwa cheusi. Utakuta buluu, juu yake nyekundu iliyoiva, kisha kahawia, kila tabaka likipitisha lililo chini yake. Rangi hukolea taratibu, kama hina iliyorudiwa. Ngozi nyeusi hasa hudai hivyo: zambarau na machungwa chini ya kahawia ndiyo huipa uhai. (Ile penseli ya pinki iliyouzwa miaka mingi kwa jina la “rangi ya ngozi” sijui ilikusudiwa ngozi ya nani.) Anayekandamiza mapema hujaza vishimo vidogo vya karatasi; nta hung'aa, na tabaka jingine halishiki tena.

Ukiununua mchoro wa namna hii, usiutundike mkabala na dirisha. Pinki na zambarau nyingi hupauka upesi juani kuliko kahawia, kwa hiyo mwanamke unayemwona ana mashavu yaliyokufa huenda mchoraji hakumwacha hivyo.