KOMPYUTA YA NYUMBANI INAPODAI MFUMO MPYA

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya ngeli, methali na maadili mema. Leo naomba ruhusa niende kando kidogo, niseme juu ya kompyuta, ile ambayo wengi siku hizi huiita tarakilishi na wengine zamani waliiita ngamizi. Usikunje uso! Jambo nitakalolieleza limebisha milango mingi hapa Kisii na kule kwetu Nyamira, na huenda limekwisha kubisha kwenu pia.

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Watu walipoona ujumbe kwenye skrini, wengine waliubonyeza tu uondoke. Wengine walidhani kompyuta zao zingezimika siku hiyo hiyo. La hasha! Kompyuta yenye Windows 10 iliendelea kuwaka, kuchapa na kucheza muziki kama kawaida. Basi shida iko wapi?

Ili tuelewane, kwanza tujue mfumo endeshi ni kitu gani. Mfikirie mwalimu wa zamu hapa shuleni. Kengele haigongwi, chakula hakipakuliwi na lango halifunguliwi ila kwa idhini yake. Ndivyo ulivyo mfumo endeshi. Wewe ukibonyeza herufi, ni mfumo unaoipokea na kuipeleka kwenye skrini. Ukitaka kuhifadhi kazi, ni mfumo unaojua mahali pa kuiweka kwenye diski. Programu nyingine zote, za kuandika, kuhesabu na kuvinjari intaneti, ni kama wanafunzi: zina akili zao lakini lazima zipite kwa mwalimu wa zamu.

Sasa, hakuna mfumo usio na nyufa. Kila mara wataalamu hugundua upenyo ambao mwizi wa mitandao anaweza kuutumia, na kampuni hutoa kiraka cha kuuziba. Viraka hivyo ndivyo vilivyokoma Oktoba 2025. Nyufa mpya zinazogunduliwa hubaki wazi, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukuta huo Waingereza waliujenga kwa gharama kubwa. Mwezi wa Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea duniani na kufunga faili za watu, kisha vikadai fidia. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi karibu 150 ziliathirika, na hospitali nyingi za umma za Uingereza zilivurugika hata wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Kiraka cha upenyo huo kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo huo, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa.

Utaniuliza, hayo ya Uingereza yanatuhusu nini sisi wa migombani na wa majani chai? Yanatuhusu sana. Kwetu tuna kipakatalishi kimoja tu, kilichonunuliwa kikiwa kimetumika, na watu watatu tunakitegemea. Mimi hupigia hapo insha na maelezo yangu ya masomo. Mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama, na hesabu zote za akiba na mikopo yao zimo humo. Kaka yangu mkubwa huwasaidia majirani kuomba nafasi za vyuo kwa KUCCPS, mkopo wa HELB na kushughulikia kodi ya KRA. Mtu anakuja na kitambulisho chake na nywila yake, anamwamini kaka. Kompyuta ikipenywa, si sisi tutakaoibiwa peke yetu. Ni kijiji kizima.

Likizo ya Desemba 2025 tuliketi tukalijadili jambo hili. Kaka alisema, "Mama, tuweke Windows 11 kwa nguvu, watu wanafanya hivyo." Mama akajibu, "Mwanangu, pesa hizo si zangu. Hesabu za watu zikipotea nitawaambia nini siku ya mkutano?" Mimi nikaombwa nichunguze kila njia kisha nilete ripoti. Ripoti yenyewe ni hii.

Njia ya kwanza ilikuwa kupanda hadi Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Mfumo huu haugharimu kitu kwa mwenye Windows 10 halali, lakini una masharti. Unataka RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo huanza hasa na kizazi cha 8, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kizazi utakijua kwa kusoma jina. Ukiona i5-8 halafu tarakimu nyingine tatu, hicho ni kizazi cha 8. Yetu ilianza na i5-6, yaani kizazi cha 6. Tulianguka mtihani kabla ya kufika swali la pili.

Kulazimisha kunawezekana, ni kweli. Ila Microsoft yenyewe imesema kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina hakika ya kupata viraka. Sasa ikiwa tunahama kwa sababu ya viraka, tuhamie tena mahali ambapo viraka havina hakika? Hapo ingekuwa kuruka majivu na kukanyaga moto. Kaka aliposikia hivyo alinyamaza.

Njia ya pili ilikuwa kubaki na Windows 10 kwa muda wa nyongeza. Microsoft iliwafungulia watu wa nyumbani mpango wa kupokea viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu angeweza kujiandikisha kwa dola 30, au bila kulipa kama angekubali kuoanisha mipangilio ya kompyuta yake na akaunti ya Microsoft. Njia hii ni nzuri kwa mtu anayetafuta nafasi ya kupumua. Hata hivyo inasogeza siku ya uamuzi tu, haiiondoi.

Njia ya tatu ilikuwa ile ya mkato. Fundi mmoja mjini Kisii alisema angetuwekea mfumo wa wizi, uliovunjwa kufuli, kwa bei ya soda mbili tatu. Ndugu zangu, mfumo wa wizi ni kama kumpa mtu usiyemjua akutengenezee ufunguo wa nyumba. Unajuaje kwamba hakubaki na wa pili? Njia hiyo tuliifunga hata kabla ya chai kupoa.

Njia ya nne ilikuwa kuhamia Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki huko Ufini, naye akauachia ulimwengu uutumie na kuurekebisha. Leo kuna matoleo mengi. Moja huitwa Ubuntu, lililoanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Neno lenyewe ni la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa damu wa neno letu "utu", na hata Omogusii akisema "omonto" utasikia undugu huo. Kutokana na Ubuntu kukatoka Linux Mint, ambalo sura yake inafanana na Windows kwa kiasi, hivyo mgeni hapotei sana. Linux Mint 22 inaridhika na RAM ya GB 2 ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa, haidai kizazi cha 8, na imeahidiwa viraka hadi mwaka 2029. Tena ni bure.

Njia ya tano, kununua kipakatalishi kingine, ingekuwa rahisi kuliko zote kama karo isingekuwa inasubiri Januari. Tuliiweka kando.

Basi tulichagua Linux Mint, lakini kwa sharti la Mama: hesabu za chama zisiguswe mpaka awe ameridhika. Sharti hilo ndilo lililotufundisha utaratibu mzuri, nami naueleza hapa hatua kwa hatua.

Kwanza ni nakala za akiba. Tulinakili faili zote kwenye flashi mbili. Moja ilibaki nyumbani, nyingine ikapelekwa kwa shangazi anayeishi Suneka. Moto, mwizi au radi ikipiga nyumba moja, nyumba ya pili inabaki. Usicheke kuhusu radi. Sehemu zetu za Gusii zinajulikana kwa radi. Kisha tukafungua nakala zile kuhakikisha zinasomeka, maana nakala isiyofunguka ni sawa na debe tupu.

Pili, kulipata faili la mfumo. Lina ukubwa wa karibu GB 3. Kwa bando za simu tungemaliza pesa, na stima yetu hukatika mvua inapoanza. Kaka alilipakua mjini Kisii mahali penye intaneti ya kasi. Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kuthibitisha faili hilo. Wenye mfumo hutoa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, ambao ni kama alama ya kidole ya faili. Ukilikagua faili lako na alama zikatofautiana, basi limeharibika njiani au limechezewa. Lipakue upya.

Tatu, kujaribu kabla ya kuoa. Linux Mint inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Kwa jioni mbili tulijaribu sauti, Wi-Fi, kibodi na printa. Tukafungua nakala ya hesabu za Mama kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word na Excel. Mama alichukua daftari lake la mkono, akalinganisha jumla moja baada ya nyingine. Zote zilikubaliana. Palipoharibika ni upangaji tu: jedwali moja lilimwagikia ukurasa wa pili, nasi tukalirudisha kwa kupunguza pambizo.

Nne, tuliacha diski ya zamani ilivyo. Badala ya kuifuta, tulinunua SSD ndogo, diski isiyo na sahani inayozunguka ndani. Fundi wa Keroka akaifungia ndani ya kipakatalishi, na ile ya zamani tukaiweka kabatini ikiwa na Windows 10 yake nzima. Mambo yakienda mrama, tunairudisha. SSD pia ndiyo iliyoondoa uvivu wa kompyuta. Awali ungeiwasha, ukaenda kuteka maji, ukarudi ukaikuta bado inajikuna.

Tano, kusakinisha. Tulifanya asubuhi, kwa kuwa kwetu mvua hupenda alasiri, na betri ilikuwa imejaa. Stima ikikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kubaki na mfumo nusu. Kazi haikufika hata saa moja.

Je, kila kitu kilikuwa asali? Hapana, na si vizuri nikupambie. Kaka alikuwa akijaza fomu za kodi za iTax zilizokuja kama faili la Excel lenye makro, yaani amri ndogo zilizofichwa ndani ya jedwali. Hatukutaka kubahatisha na kodi ya mtu kwa programu nyingine. Alikubali kazi hiyo aifanyie kwenye saiba Keroka, penye kompyuta zenye viraka, ingawa sehemu ya malipo yake huishia huko. Kazi za KUCCPS na HELB, ambazo hufanywa kwenye kivinjari, zilibaki nyumbani. Vilevile aliacha kuhifadhi nywila za majirani. Kila mtu sasa huichapa yake mwenyewe, kaka akiangalia pembeni.

Jambo moja linawagusa wapenzi wa Kiswahili moja kwa moja. Mnamo 2004 wataalamu waliofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. LibreOffice ni mzawa wa OpenOffice hiyo hiyo, ilitengana nayo mwaka 2010. Mifumo ya namna hii humruhusu yeyote kuchangia tafsiri. Badala ya kulalamika kwamba kompyuta hazijui lugha yetu, chama chetu kingeweza kuzifundisha maneno mawili matatu. Walimu wetu, mwasemaje?

Kwa ufupi, rafiki, usianze kwa kuuliza mfumo upi ni mpya zaidi. Uliza kompyuta ya kwenu inafanya kazi ya nani, na ni mali ya nani iliyomo ndani. Kama kuna anayehitaji programu isiyopatikana kwingine, huenda kubaki Windows ndiko bora, na kama mashine yenu ni ya kizazi cha 8 kwenda mbele, pandeni Windows 11 bila wasiwasi. Lakini iwe njia yoyote, nakala za akiba zije kwanza, tena mbili, katika nyumba mbili. Na anayelinda pesa za watu, hata kama hajui kompyuta, mpeni nafasi ya kusema "ngojeni kidogo."