Mfugaji Alipwe Ng'ombe Wangali Hai

Mwaka 2016 mvua za vuli zilikosekana katika nchi ya kaskazini ya Kenya. Malisho yalikauka, visima vikapungua, na mifugo ikaanza kukonda. Tarehe 10 Februari 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ya kuwa ukame ule ni janga la taifa. Mwezi ule ule ikatangazwa kwamba jamaa za wafugaji zaidi ya 12,000 katika kaunti 6, Wajir na Turkana zikiwamo, watalipwa shilingi za Kenya milioni 214. Ukizigawa sawasawa, kila jamaa haipati hata shilingi 18,000.

Fedha hizo hazikuwa sadaka. Tangu Oktoba 2015 Serikali, ikianzia Wajir na Turkana, iliwalipia wafugaji maskini ada ya bima kwa wanyama wa kiasi cha ng'ombe 5 kwa kila jamaa. Na kwa hesabu hiyo mbuzi au kondoo 10 ni sawa na ng'ombe 1. Hapana karani aendaye porini kuhesabu mizoga. Vyombo vilivyoko angani hupima ukijani wa majani, na ukijani ukipungua kupita kiasi kilichowekwa, kampuni za bima hazina budi kulipa.

Wapo wasemao, "Yawaje mtu alipwe hali ng'ombe wake wangali hai?" Twawajibu kwamba hiyo ndiyo maana yake hasa. Ng'ombe aliye hai akinunuliwa majani, maji na dawa, huenda akaiona mvua. Akiisha kufa, fedha haimfufui. Na pamoja naye yamekwenda maziwa ya watoto, karo ya shule, mahari ya kijana, na heshima ya mzee mbele ya wenzake.

Lakini haifai kusifu tu. Chombo cha angani huona majani; hakimwoni ng'ombe. Eneo moja la kupimia ni kubwa, na mvua yaweza kunyesha upande mmoja, upande wa pili ukawa vumbi tupu. Tena ukijani mwingine ni wa vichaka visivyolika. Mfugaji aliye upande wa vumbi huweza kupoteza kundi lake asipate hata senti, wala asijue kwa nini. Na yule ambaye jina lake halikuandikwa, yeye hana hata wa kumwuliza. Zaidi ya hayo, malipo yakichelewa, bima iliyokusudiwa kuokoa hugeuka kuwa rambirambi.

Kwa hiyo twasema: orodha ya majina isomwe hadharani barazani, wazee na akina mama wakiwapo. Kanuni za malipo zielezwe kwa lugha ya wenyeji. Awepo mtu karibu wa kupokea malalamiko na kuyajibu. Nayo malipo yafike kabla ya mizoga.

Ndugu zetu wafanyakazi wanalijua jambo hili. Mtu akiumizwa na mashine kazini, fidia yake ni haki, wala hapigi magoti kuiomba. Mfugaji naye ni mfanyakazi, na kiwanda chake ni malisho. Asiyeziba ufa atajenga ukuta. Na ukuta wa mfugaji, ukisha kuanguka, hujengwa kwa miaka mingi.