Tabibu wa Kisu Aliyechukia Jeraha

Imekita mizizi miongoni mwa wengi dhana kwamba mpasuaji hodari ni yule athubutuye kupasua pakubwa. John Wickham, daktari wa figo na njia ya mkojo jijini London aliyefariki mwaka wa 2017, hakuikubali kamwe.

Enzi zake mgonjwa mwenye jiwe la figo alipasuliwa ubavuni, akarudi nyumbani na kovu refu na maumivu ya majuma kadhaa. Wickham alijiuliza: kimwumizacho mgonjwa huyu zaidi ni jiwe, au ni kisu chetu? Ndipo akaanza kupenyeza vyombo vyembamba hadi figoni kupitia kitundu kidogo, akalitoa jiwe. Si wenzake wote waliofurahi.

Hata hivyo, ujasiri wake mkubwa ulidhihirika mwaka wa 1991. Akishirikiana na mhandisi Brian Davies wa chuo cha Imperial, alitumia roboti iliyoitwa Probot kukwangua tezi dume iliyovimba. Roboti zilizoenea leo hufuata mikono ya daktari aketiye kando. Probot ilikata yenyewe kwa vipimo ilivyopewa, naye daktari akichunga tu, tayari kuizima. Hebu fikiri, ewe mwanafunzi: ni fundi gani asifiwaye kwa mikono yake atakayekubali kuikunja?

Probot haikuenea. Roboti iitwayo Da Vinci, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2000, ndiyo iliyotamba. Sitashangaa iwapo wapasuaji waliipenda kwa kuwa iliwaachia usukani.