Kuagiza Picha Ndogo ya Penseli: Haki za Mteja na za Mchoraji

Chukua mfano wa mkazi wa Makongeni, Thika, ambaye amebaki na picha moja tu ya marehemu mama yake, iliyopigwa studio miaka mingi iliyopita na sasa imeanza kufifia. Anamtafuta kijana wa Ruiru anayechora kwa penseli, anampa picha hiyo pamoja na malipo ya kwanza, kisha anasubiri. Mambo yakienda vizuri, familia inapata kumbukumbu ya miaka mingi. Yakiharibika, pesa na picha ya mama vyote viko hatarini.

Wakazi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo kabla ya kuagiza au kupokea kazi.

Picha ya kuchorea

Mteja asitoe picha asilia ikiwa hana nyingine. Apige nakala safi kwanza. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, hivyo ni afadhali kuituma kama faili.

Ubora huo una maana zaidi mchoro unapokuwa mdogo. Karatasi ya A6 ina ukubwa wa milimita 105 kwa 148. Uso wenye urefu wa sentimita 4 una jicho la takriban milimita 6, sawa na punje ya mchele. Mstari ukikosewa kidogo tu, sura inakuwa ya mtu mwingine. Ndiyo maana picha ndogo haimaanishi kazi ndogo, wala bei yake haipimwi kwa ukubwa wa karatasi pekee.

Hakimiliki ni ya nani?

Wachoraji wengi hudhani kwamba aliyechora ndiye mwenye hakimiliki daima. Sivyo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa msanii, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wawe wamekubaliana vingine.

Kwa hivyo mchoraji anayetaka kuchapisha mchoro huo kwenye kadi au kuuza nakala zake anapaswa kukubaliana na mteja mapema, na ni vyema iwe kwa maandishi. Hata hivyo, haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyechora, na ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa njia ya kumvunjia heshima, hubaki kwake chini ya kifungu cha 32.

Mchoraji pia awe mwangalifu na sura za watu. Kutumia sura ya mtu aliye hai kutangaza biashara bila idhini yake kunaweza kumletea kesi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Picha iliyopakuliwa kutoka kwenye intaneti nayo huwa na mwenyewe, na ruhusa yake inahitajika.

Mkataba wa ukurasa mmoja

Makubaliano yataje ukubwa wa mchoro, bei kamili, malipo ya kwanza, tarehe ya kukamilisha, mara ngapi mteja anaweza kuomba marekebisho, na nani atabaki na hakimiliki. Yaseme pia kwamba picha asilia itarudishwa. Hata ujumbe wa simu uliokubaliwa na pande zote mbili ni bora kuliko maneno matupu. Mteja ahifadhi pia ujumbe wa malipo ya M-Pesa.

Mkizozana

Jaribuni kuelewana kwanza. Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai ya pesa yasiyozidi Sh1 milioni, na mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili.

Kwa wachoraji

Anayefungua studio au kibanda anahitaji leseni ya biashara ya kaunti, kwa kuwa Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kutoa leseni za biashara. Kusajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) si lazima ili hakimiliki iwepo, lakini cheti husaidia kuthibitisha umiliki.

Baada ya kuchukua mchoro, usiuguse kwa vidole, kwani penseli hupaka. Uweke kwenye fremu ya kioo, mbali na jua na unyevu.

Wakazi wa Thika na Ruiru wenye maswali kuhusu leseni wafike katika ofisi za kaunti ndogo zao.