Dashibodi ya Pikapu Inapowaka na Kuzima

Vikundi vingi vina pikapu moja kuukuu, na hiyo hiyo ndiyo hubeba maziwa, mbolea, viti vya harusi na hata mgonjwa usiku. Gari la umri huo huwa na ugonjwa mmoja wa kawaida: mishale ya dashibodi inalala, taa zinazimika, halafu mbele kidogo zinarudi zenyewe. Dereva anaipiga dashibodi kofi, inaamka, safari inaendelea.

Kofi hilo linatufundisha jambo. Ikiwa dashibodi inaamka kwa kugongwa, basi huenda hakuna kilichokufa, ila kuna mahali umeme haupiti sawasawa. Kwa hiyo msikimbilie kununua dashibodi nyingine, hata fundi akisema ni lazima. Lakini pia msiridhike na kofi. Taa ya oili isiyowaka haimaanishi oili iko sawa, huenda taa yenyewe ndiyo imekatika. Injini ikikosa presha ya oili yaweza kuharibika kwa dakika chache tu, na hiyo ni michango ya wanachama ya miaka mingi.

Basi kila asubuhi dereva azungushe ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya oili na ile ya betri ziwake, kisha zizimike injini ikishika. Ya oili isipowaka hapo mwanzo, gari lisitoke mpaka ijulikane kwa nini. Ya betri nayo si pambo: katika magari mengine balbu yake ikiungua, alteneta haianzi kuchaji. Kama mshale wa joto ndio umelala, pimeni maji kabla ya safari, injini ikiwa baridi. Rejeta ya moto isifunguliwe kamwe.

Sasa tutafute ugonjwa. Jiulizeni kwanza: ni vitu gani vinazimika pamoja? Kama ni mshale mmoja tu, tatizo huwa kwenye waya wake au kipimo chake, kwa mfano kile cha ndani ya tangi. Mshale wa mafuta na wa joto vikicheza pamoja, tazameni kile wanachogawana, yaani umeme unaovilisha. Vyote vikizima kwa pamoja, ni fyuzi, plagi ya nyuma ya dashibodi, au waya wa athi. Msishangae spidomita ikiendelea kufanya kazi: katika pikapu nyingi za zamani huzungushwa na kebo kutoka gia boksi, haihitaji umeme.

Huo waya wa athi ndio tunaoushuku zaidi. Ni ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, na skrubu yake hushika kutu au kulegea kwa sababu ya barabara zetu. Dalili yake ni hii: ukiwasha taa kubwa au indiketa, mishale inaruka, au taa nyingine inawaka kidogo kidogo bila sababu.

Kabla ya kugusa chochote, fungueni waya wa hasi wa betri. Toeni fyuzi moja moja, sugueni miguu yake na mahali inapokaa. Iliyoungua ibadilishwe kwa yenye namba ile ile. Ile tabia ya kufunga karatasi ya sigara au kipande cha waya imechoma magari, maana waya ndani ya dashibodi ndio utaungua badala ya fyuzi. Kisha fungueni skrubu ya athi, sugueni kwa msasa mpaka chuma king'ae, mkaze tena.

Isipopona, rudisheni betri, ufunguo uwashwe, injini ikiwa imezimwa. Mmoja akae akitazama mishale, mwingine atikise nyaya polepole, fungu kwa fungu. Pale mishale inaporuka, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Nyuma ya dashibodi za zamani mara nyingi kuna karatasi ya plastiki yenye mistari myembamba ya shaba. Ikipasuka au plagi ikilegea, hapo mwiteni fundi wa umeme wa magari, msivute kwa nguvu.

Mkimpelekea fundi, dereva aandike kwenye daftari la gari ilizimika lini: baada ya mvua, kwenye matuta, au taa zikiwashwa. Fundi akisoma hayo hatafungua gari zima, na bei mtaelewana kabla hajashika spana.