Tenisi kwa wanaoanza: mistari, alama na mapigo ya kwanza

Wakazi wengi huamini tenisi ni mchezo wa wanachama wa vilabu na wageni wa hoteli. Lakini mwaka 2022 Angela Okutoyi alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam la chipukizi, alipotwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili huko Wimbledon, Uingereza, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi.

Kinachowakatisha tamaa wanaoanza mara nyingi ni hesabu ya alama. Pointi ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, na ya nne humaliza gemu. Wakifikiana 40 kwa 40, yaani diusi, mmoja lazima apate pointi mbili mfululizo ndipo ashinde gemu hiyo. Anayefikisha gemu 6 akiwa mbele kwa mbili amechukua seti. Siku za kwanza hakuna ubaya kuhesabu moja, mbili, tatu hadi mchezo uzoeleke.

Uwanja una urefu wa mita 23.77. Upana ni mita 8.23 kwa wachezaji wawili na 10.97 kwa wanne, ndiyo maana kuna mistari miwili kila upande. Wavu una kimo cha sentimita 91.4 katikati.

Mchezaji huanzisha akiwa nyuma ya mstari wa mwisho, na mpira lazima uvuke wavu kwa mshazari na kutua ndani ya kisanduku cha upande wa pili. Ana nafasi mbili; akikosa zote, pointi ni ya mpinzani. Mpira ukigusa wavu kisha ukatua kisandukuni, anarudia bila adhabu. Wengi hawajui kwamba sheria inaruhusu kuanzisha kwa mkono wa chini, mradi mpira upigwe kabla haujagusa ardhi. Mtoto anayeshindwa kuupiga juu ya kichwa aanze hivyo.

Baada ya hapo mpira unaweza kudunda mara moja tu kabla ya kurudishwa. Ukigusa mstari, hata kwa ukingo, ni mzuri. Hapo ndipo ugomvi huzuka, kwa sababu viwanja vingi havina refa. Utaratibu ni kwamba kila mchezaji huamua mipira inayotua upande wake, na asipokuwa na hakika, uamuzi unampendelea mpinzani. Kusema "sikuona, turudie" hakukubaliki. Anayefunza watoto afundishe jambo hili mapema, sambamba na mapigo yenyewe.

Mapigo ya kuanzia ni mawili. La mbele hupigwa upande wa mkono unaoshika raketi: shika mpini kama unayemsalimu mtu, geuza mabega, upige mpira ukiwa mbele ya mwili, kisha mkono uendelee hadi begani. La nyuma hupigwa upande wa pili, na wanaoanza hulipata upesi wakitumia mikono miwili. Voli, yaani kupiga mpira kabla haujadunda, inaweza kusubiri. Kosa la kawaida ni kupiga kwa nguvu zote. Anayerudisha mpira mara kumi mfululizo ukutani amepiga hatua kubwa kuliko anayeupiga nje kwa kishindo.

Wazazi wasikimbilie mpira wa kawaida wa manjano, kwani hudunda juu mno kwa mtoto. Mpira mwekundu una mwendo wa chini kwa takriban asilimia 75, na unachezewa kwenye nafasi ndogo, hata uwanja wa shule wenye kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili. Raketi ya mtu mzima ni inchi 27; mtoto wa miaka saba au minane hutosheka na ya inchi 23. Kumnunulia kubwa "akue nayo" humfanya aushike mpini vibaya, na tabia hiyo ni ngumu kuirekebisha.